Wimbo Mpya Katika Kanisa la Kale

 Kanisa letu liko Karurumo, nchi ya Embu.

Siku moja vijana wa kanisa letu walikuja mbele ya baraza la wazee wakiwa na ombi. Walitaka ngoma na gita ziingie katika ibada ya Jumapili. Mzee mmoja akasimama, kofia mkononi, akasema, "Mchungaji, hizo si nyimbo za kanisa. Nyimbo za kanisa ni zile tulizoachiwa." Nasi, bila kuomba wala kufikiri, tukasema ni kweli, tukafunga kitabu. Jumapili iliyofuata benchi la vijana lilikuwa tupu. Likakaa tupu miezi mitatu.

Ndipo tulipofungua tena madaftari yetu ya chuo cha theolojia na kujiuliza: nyimbo hizo tulizoachiwa zilitoka wapi?

Ndugu msikilizaji, katika Ulaya ya kale waliokuwa wakiimba kanisani walikuwa watawa na makasisi, tena kwa Kilatini. Watu wa kawaida walisikiliza tu. Yapata miaka 1000 iliyopita, mtawa mmoja wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo aliona jinsi wavulana wanavyotaabika miaka mingi kukariri nyimbo. Akachukua utenzi wa kumsifu Yohana Mbatizaji, ambao kila mstari wake ulianza juu kidogo kuliko uliotangulia, akatwaa silabi za kwanza: ut, re, mi, fa, sol, la. Baadaye "ut" ikawa "do". Hapo ndipo ilipozaliwa solfa ambayo kwaya zetu huiimba hata leo.

Halafu akaja Martin Luther. Mwaka 1524 vitabu vya kwanza vya nyimbo za Kilutheri vilichapwa kwa Kijerumani, ili mkulima na mama wa nyumbani wamwimbie Mungu kwa lugha yao. Tuni nyingine zilitoka katika nyimbo za kanisa la kale, nyingine katika nyimbo za watu. Lakini wakati huo huo, mjini Zürich, vinanda viliondolewa makanisani. Aliyeongoza matengenezo huko, Zwingli, alikuwa mwenyewe fundi wa kupiga ala nyingi! Basi tuone kwamba mabishano ya Karurumo si mapya.

Johann Sebastian Bach alihudumu Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipokufa mwaka 1750, akiandika muziki kwa ajili ya ibada. Mwaka 1742 "Messiah" ya Handel iliimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, na fedha zilizopatikana zikasaidia wafungwa wa madeni na wagonjwa. Hata hivyo, ilipofika London, wako walionung'unika kwamba maneno ya Mungu yanaimbwa katika jumba la michezo.

Na sisi Waanglikana tusijisifu. Isaac Watts alitoa kitabu chake cha nyimbo mwaka 1707, lakini kwa zaidi ya miaka 100 baadaye parokia nyingi za Uingereza zilishikilia Zaburi peke yake. Nyimbo ambazo leo mzee wetu huziita za kale, mzee wa siku zile aliziita za kigeni.

Katika karne ya 19 mwalimu mmoja wa Norwich, Sarah Glover, alitengeneza njia rahisi ya kufundisha watoto kuimba, na mchungaji John Curwen akaieneza ili hata maskini asiyeweza kununua kinanda aimbe sauti nne. Wamisionari wakaileta Afrika. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni huko Afrika Kusini, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao tuni yake twaijua katika "Mungu Ibariki Afrika".

Kwetu, misheni ya CMS ilianza Kigari mwaka 1910, na nyimbo zikaja pamoja na Injili. Twamshukuru Mungu kwa hizo. Lakini lugha zetu hupanda na kushuka, na maana hufuata sauti. Neno lililowekwa juu ya tuni ya Kiingereza mara nyingi lilipotoshwa, na ngoma iliachwa nje ya mlango kana kwamba yenyewe ndiyo ilitenda dhambi. Tena katika miaka ya 1930 Uamsho ukatoka Rwanda na Uganda pamoja na "Tukutendereza", ukafika Kenya. Watu waliimba bila kinanda na bila kitabu, wakitubu. Viongozi wengine wa kanisa waliwatilia shaka. Leo hakuna mzee wa Embu asiyeujua wimbo huo.

Basi tulirudi barazani, tukasema, "Wazee wetu, tulikosea. Tuliwafukuza watoto kwa jina la desturi, tusitafute kwanza desturi yenyewe ilizaliwaje." Yule mzee alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Wakija na ngoma, nao wajifunze solfa. Mimi nitawafundisha."

Hatukusema kila wimbo mpya ni mwema. Twapima maneno yake kwa Maandiko. Zaburi ya 150 yaita matari na vinubi na matoazi kumsifu Bwana. Lakini nabii Amosi, sura ya 5, atuonya kwamba Mungu huchoshwa na kelele za nyimbo pasipo haki. Kinanda hakimtakasi mwizi, wala gita halimchafui mwenye moyo safi. Swali si chombo gani kinapigwa, bali ni maisha gani yanayoimba.

Benchi lile halijajaa lote. Wako watatu waliokwenda zao wasirudi, nasi twawaombea kwa majina kila Alhamisi. Wewe msikilizaji, je, ni nani aliyetoka kanisani kwenu kwa sababu ya wimbo? Umemfuata?

Na tuombe. Ee Bwana, utupe midomo ya kukusifu na masikio ya kuwasikia watoto wetu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.