Mpe Mtoto Kazi: Matembezi ya Familia Korea, Japani na Marekani

Majani yanapoanza kupukutika katika nchi za kaskazini, kati ya Septemba na Novemba, familia hutoka nyumbani. Wakorea hurudi makwao kufyeka makaburi ya mababu na kula mchele mpya. Wajapani hupanda milimani kutazama momiji, miti ambayo majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Wamarekani huwapakia watoto garini na kwenda mashambani kuchuma matufaha na kuchagua maboga. Desturi hizi tatu huangukia majira yaleyale, kila moja ina chakula chake na msongamano wake wa magari, na zote husifiwa kwamba huwaachia watoto kumbukumbu. Hata hivyo, kumbukumbu zenyewe hazilingani. Hoja yangu ni kwamba safari humkaa mtu kwa kadiri ya kazi aliyopewa huko, na humkaa zaidi pale kazi hiyo inapopanda daraja kila umri wake unaposogea. Uzuri wa mahali ni nyongeza tu.

Tuanze na siku yenyewe, maana desturi zote tatu zimemnyang'anya mwenye nyumba mamlaka ya kuipanga. Huko Korea anayepanga ni mwezi. Chuseok huwa tarehe 15 ya mwezi wa nane katika kalenda ya mwezi, hivyo huangukia Septemba au mapema Oktoba, na serikali hutoa mapumziko ya siku tatu. Huko Japani anayepanga ni jani. Usiku ukirefuka na baridi ikiingia, mti huacha kutengeneza klorofili. Umanjano uliokuwa umefichwa na ukijani hujitokeza, na katika miti kama momiji sukari iliyobaki janini hutengeneza wekundu. Rangi hiyo huanza kwenye milima ya Daisetsuzan, Hokkaido, mwezi Septemba, kisha hushuka kusini hadi ifike Kyoto mwishoni mwa Novemba. Watabiri wa hali ya hewa huifuatilia na kutangaza itafika wapi lini. Marekani wamechanganya mti na sheria: sheria iliyopitishwa mwaka 1968 na kuanza kutumika 1971 iliisogeza Sikukuu ya Columbus hadi Jumatatu ya pili ya Oktoba, na wikendi hiyo ndefu ikaangukia wakati ambao misitu ya New England imeiva rangi na matufaha bado yako mtini.

Kwa hiyo hakuna mzazi anayeweza kusema tutakwenda mwezi ujao mambo yakitulia. Mwezi ujao mpunga umeshavunwa, majani yamesombwa na upepo, matufaha yameoza chini. Matembezi yanayongoja nafasi huahirishwa mpaka watoto wamekuwa wakubwa. Yenye siku yake hufanyika hata mwaka ambao fedha ni haba na ndugu hawaelewani.

Tarehe, hata hivyo, humfikisha mtu mahali tu. Tofauti huanza pale anapoulizwa akifika afanye nini, na hapo Wakorea wana jibu kamili kuliko wenzao. Kaburi la jadi la Kikorea ni kilima kidogo cha udongo kilichofunikwa nyasi, mara nyingi kwenye mteremko wa mlima. Mvua za majira ya joto huziotesha nyasi hizo mpaka kaburi lipotee machoni. Wiki chache kabla ya Chuseok, watu wa ukoo hukutana kulifyeka, kazi wanayoiita beolcho. Zamani walitumia mundu. Leo wengi hubeba mashine ya kufyekea mgongoni, na kila mwaka vyombo vya habari huwakumbusha wajihadhari na nyigu waliojenga ardhini. Mtoto mdogo hukusanya nyasi zilizokatwa. Akikua hupewa mundu apunguze pembezoni, na baadaye mashine. Nguvu zikimwishia huketi kivulini, akieleza hili ni kaburi la nani, alizaa nani, na kwa nini yule mwingine kazikwa peke yake kule ng'ambo. Mtu huyohuyo hupita ngazi zote hizo mlimani hapohapo, na akitazama anayekusanya nyasi anajua alianzia wapi.

Jikoni nako kuna ngazi. Mkesha wa Chuseok familia huketi kutengeneza songpyeon. Unga wa mchele hukandwa kwa maji ya moto, ukamegwa vidonge vya kutosha kiganja. Kidole gumba hutoboa shimo katikati, humo hutiwa ufuta uliotwangwa na kuchanganywa na asali au sukari, au maharage, kisha kingo hubanwa mpaka kidonge kiwe na umbo la nusu mwezi. Vidonge hupangwa juu ya majani ya msonobari na kupikwa kwa mvuke, vikatoka na harufu ya msitu. Mtoto wa miaka minne anaweza kubana kingo, ingawa zake hupasuka na kumwaga ufuta sufuriani. Wazee husema anayefinyanga songpyeon nzuri atazaa binti mzuri, na utani huo hutosha kumfanya kila mmoja akitazame kidonge cha jirani yake. Asubuhi ya siku yenyewe mababu huandaliwa meza ya chakula katika ibada iitwayo charye, kisha watu huenda makaburini, wakamimina pombe na kusujudu.

Msomaji aliyewahi kuwa kwenye kituo cha mabasi Dar es Salaam wiki ya mwisho kabla ya Krismasi hahitaji maelezo mengi kuhusu Chuseok. Wachagga wanaopanda kwenda Kilimanjaro mwezi Desemba hufuata mantiki ileile: wote siku moja, wote kwenye kihamba cha babu, ambako makaburi yako humohumo kati ya migomba na kahawa. Huko nako mbuzi huchinjwa kwa utaratibu, na kuna anayeshika mguu, anayeshika kisu na anayegawa nyama kwa kujua kiungo kipi ni cha nani. Kijana aliyezaliwa mjini hujifunza ukoo wake kwa kutumwa apeleke nyama kwa fulani, na kwa kutumwa huko hujua fulani ni nani kwake.

Lakini desturi yenye kazi nyingi ina anayeelemewa. Meza ya charye huandaliwa zaidi na wanawake, hasa wakwe wa kike, ambao husimama siku nzima wakikaanga vyakula vya kuwapa heshima mababu wa ukoo wa mume. Malalamiko yao yamekuwa sehemu ya sikukuu kama songpyeon yenyewe. Septemba 2022 kamati ya taratibu za ibada ya Sungkyunkwan, taasisi ya Kikonfusio jijini Seoul, ilitangaza kwamba vyakula vya aina tisa vinatosha na kwamba kukaanga si lazima. Walinzi wa mapokeo ndio waliotoa ruhusa hiyo, na hilo laonyesha kilio kilikuwa kimefika mbali. Mlimani nako mambo yanabadilika. Siku hizi zaidi ya watu tisa katika kumi wanaofariki Korea huchomwa, hivyo makaburi mapya ya nyasi ni machache. Yale ya zamani, wengi huvilipa vyama vya ushirika vya misitu au vya wakulima viyafyeke kwa niaba yao. Kaburi hubaki safi. Kinachopotea ni ile asubuhi ya mtoto na nyasi zake.

Wajapani walianza upande mwingine kabisa. Katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo kuna pazia la kukunja la karne ya 16, kazi ya Kano Hideyori, linaloonyesha watu waliotoka kutazama momiji huko Takao, nje ya Kyoto. Upande mmoja wanawake wameketi na watoto wao wakipiga soga, muuza chai yuko karibu. Upande wa pili wanaume wanacheza ngoma. Hakuna anayefyeka, hakuna anayesujudu. Wamekuja kutazama na kufurahi, na wanawake wameketi. Ukilinganisha na jiko la Chuseok, hilo la mwisho si dogo. Desturi iliyoanzia kwa watu wa kasri imekuwa ya kila mtu, na haimdai mkwe yeyote kikaango. Familia hubeba chakula kwenye visanduku vya bento, hupanda mlima, hula, hurudi kwa treni.

Udhaifu wake unatokana na wepesi huohuo. Kutazama ni kazi isiyo na daraja: mtoto wa miaka mitano na mzee wa miaka themanini hupewa jani lilelile, na mtoto hulichoka mapema. Ndiyo maana panapodumu kumbukumbu pana jambo la kufanya. Huko Mino, karibu na Osaka, njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji yenye urefu wa mita 33 imejaa wauzaji wa momiji ya kukaanga. Majani halisi hulowekwa kwenye chumvi kwa mwaka mmoja hivi, kisha huchovywa kwenye unga mtamu na kutumbukizwa kwenye mafuta. Jani lenyewe halina ladha kubwa. Ila mtoto aliyelitafuna amelijua kwa njia ambayo macho hayawezi kumpa, na hawezi kulichanganya na jani la picha. Upande wa pili wa mambo ulionekana Kyoto mwaka 2016, hekalu la Tofuku-ji lilipopiga marufuku kupiga picha juu ya daraja lake maarufu la Tsutenkyo wakati wa kilele cha rangi, kwa sababu ya msongamano wa watu. Watu waliokosa kazi walikuwa wamejipatia moja, ya kushika simu, na wote walikuwa wameichagua hiyohiyo.

Wamarekani nao wamefanya jambo la ajabu: wamechukua kazi ya shamba, kazi ambayo babu zao waliikimbia, wakaiuza kama starehe. Familia hulipia mfuko, hupanda trela la nyasi kavu, na kuingia kati ya miti mifupi iliyobebeshwa juu ya mashina yenye kudumaza, ambayo aina zake kuu zilipangwa katika kituo cha East Malling, Uingereza, mapema karne ya 20. Bila mashina hayo mtoto asingefika tawini. Mwenye shamba humfundisha asivute: ashike tufaha kwa kiganja, alinyanyue kuelekea juu na kulizungusha kidogo, mpaka kikonyo kiachie chenyewe. Akivuta, hung'oa pamoja nalo kichipukizi cha tunda la mwakani. Somo hilo fupi ni halisi kabisa, na ni bora kuliko mengi yanayouzwa langoni. Pembeni kuna njia za kupotezana ndani ya mahindi, mchezo ulioanza kwa ukubwa wake wa sasa mwaka 1993 huko Annville, Pennsylvania, mahindi yalipokatwa kwa umbo la dinosaria.

Jambo ambalo mfuko wa matufaha hauonyeshi ni kwamba sehemu kubwa ya mavuno ya New England na New York huchumwa na vibarua wa msimu, wengi wao kutoka Jamaika, wanaoingia kwa viza za muda na kutumia ngazi katika miti mirefu. Baba mmoja analipa ili mwanawe achume kwa saa moja. Baba mwingine analipwa kwa kuchuma kutwa, na watoto wake wako ng'ambo ya bahari. Korea hufunga watu wa rika zote kwenye kazi moja. Shamba la Marekani huigawa kazi hiyohiyo kati ya anayecheza na anayehangaika, na mtoto harudi nyumbani akilijua hilo.

Boga, kwa upande wake, huiokoa desturi hiyo. Likishafika nyumbani kabla ya Halloween, tarehe 31 Oktoba, hutandazwa magazeti mezani na kazi hugawanywa kwa umri bila mtu kutunga sheria. Mdogo huingiza mkono na kutoa mbegu zenye utelezi. Wa katikati huchora macho na meno kwa kalamu. Kisu hushikwa na mkubwa, na siku mtoto anapokabidhiwa kisu hicho kwa mara ya kwanza huijua vizuri kuliko siku yake ya kuzaliwa. Hapa Marekani inaikaribia Korea, bila kaburi na bila ukoo.

Nikizipima zote tatu, Korea inashinda kwa kina, Japani kwa haki, Marekani kwa urahisi wa kuigwa. Kina cha Korea, hata hivyo, kimejengwa juu ya migongo ya wanawake, na hakuna sababu ya desturi kufa ili migongo ipumzike. Inatosha wanaume waingie jikoni na mabinti wapewe mundu. Familia inayomwajiri mfyekaji huku ikihifadhi vyakula ishirini mezani imebakiza upande mbaya wa mzigo. Nasi tunaoishi pasipo msimu wa majani kupukutika hatuhitaji kuazima jani wala boga. Mwaka wetu una siku zisizongoja: mavuno, mkesha wa Ramadhani, Desemba ya kwenda kwetu. Zinafanywa kumbukumbu na watu wazima wanaokubali chapati ya mtoto itoke na pembe, nyama ifike kwa shangazi ikiwa imechelewa, na nyasi zibaki ndefu pembeni mwa kaburi, mradi mwakani mtoto huyo apewe kazi ngumu zaidi ya hiyo.