Mkanamungu na Asiyeamini

Neno la Kiyunani atheos, lililozaa istilahi ateisti, maana yake ni "pasipo Mungu" tu, wala halielezi kama mtu huyo amemkataa Mungu, au hakupata kumjua, au hajaridhika na dalili alizoletewa. Na Warumi wa kale waliwatupia Wakristo wa kwanza jina hilohilo, kwa kuwa hawakuisujudia miungu yao. Sisi tumelifasiri mkanamungu, na hapo ndipo penye mushkili, kwani aghalabu hukana mtu anayekijua anachokikana: Petro alimkana bwana wake aliyekula naye, na mdeni hukana deni mbele ya kadhi.

Sasa msikilize asiye na imani amjibupo muumini. Akisema, "Siamini kwamba Mungu yupo," amejieleza hali yake mwenyewe. Akisema, "Naamini kwamba Mungu hayupo," ametoa dai juu ya ulimwengu, nalo dai hutakiwa ushahidi. Ukanushi umehama kitenzi kimoja tu, na mzigo wa kuthibitisha umehama nao. Muumini huyasikia maneno hayo mawili kuwa ni mamoja, na kwa insafu halaumiki, maana hata sisi tusemapo "siamini kwamba atakuja" huwa tumekwisha kata shauri kwamba haji.

Kwa ajili ya utata wa namna hii Thomas Henry Huxley, mwanachuoni wa elimu ya viumbe wa Uingereza, alibuni mwaka 1869 jina agnostiki, la mtu asiyedai kujua jambo asilo na hoja ya kulithibitisha. Mwanafalsafa Bertrand Russell, mwaka 1947, alieleza kwamba mbele ya wanafalsafa hujiita agnostiki, kwa kuwa hana burhani ya kukata, lakini mbele ya watu wa kawaida huona afadhali ajiite ateisti, wasije wakadhani kwamba moyo wake umegawanyika nusu kwa nusu. Naye Charles Bradlaugh, aliyechaguliwa mbunge wa Northampton, huko Uingereza, mwaka 1880 na asiruhusiwe kukalia kiti chake kwa amani hadi 1886 kwa sababu ya mzozo wa kiapo, alishikilia kwamba hawezi kukana jambo ambalo hajaelezwa maana yake. Mtu wa aina hiyo, kumwita mkanamungu ni kumlisha maneno.

Kwa rai yangu, mkanamungu aachiwe yule anenaye waziwazi kwamba Mungu hayupo, na wengine waitwe wasioamini Mungu, ijapokuwa jina hilo ni refu na halina umbo zuri la istilahi. Masheikh wanalo mulhidi, lakini asili yake ni kupotoka, nalo humhukumu mtu kabla ya kumweleza.