Mbung'o Mbele ya Lenzi

Mbung'o akitua, mabawa yake hulaliana mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa, na mrija wa kunyonyea damu huelekea mbele. Hayo mtu wa Bunda huyaona bila kifaa chochote. Kinachohitaji lenzi ni kile kichumba kidogo cha katikati ya bawa, chenye umbo la shoka, ambacho wataalamu humtambulia.

Kumtazama kwa karibu namna hiyo kulichochewa sana na msiba. Malale ilizuka Busoga, Uganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na inakadiriwa iliua watu zaidi ya 200,000. Mwaka 1903 daktari David Bruce, akiwa Entebbe, alionyesha kwamba mbung'o ndiye mwenezaji. Mwaka 1906 akafika daktari Mjerumani Robert Koch, ambaye mwaka 1877 alikuwa amechapisha picha za bakteria alizopiga kwa kuunganisha kamera na hadubini. Msaidizi wake, Friedrich Karl Kleine, aliendelea na kazi ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande uliotawaliwa na Wajerumani, na 1909 akathibitisha jambo kubwa: kimelea cha malale hukomaa kwanza ndani ya mbung'o kwa wiki kadhaa ndipo kiweze kuambukiza.

Porini Serengeti yuko mbung'o wa aina nyingine, Glossina swynnertoni, aliyepewa jina la Charles Swynnerton, mkuu wa utafiti wa mbung'o Tanganyika aliyefariki kwa ajali ya ndege mwaka 1938.

Siku hizi mpiga picha wa Musoma au Butiama anaweza kumkaribia mdudu huyo bila maabara. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita 50 zaidi kwa mirija mitupu, taswira ya mdudu huangukia kihisio cha kamera kwa ukubwa wake halisi; ikigeuzwa nyuma mbele, hukuza zaidi. Tatizo ni kwamba jicho likionekana vizuri, bawa huwa ukungu. Kubana tundu la lenzi huongeza sehemu inayoonekana vizuri, lakini ukilibana kupita kiasi, mwanga hutawanyika na picha nzima hupoteza ukali. Ndiyo maana hupigwa picha nyingi, fokasi ikisogezwa kidogo kidogo, kisha kompyuta ikaziunganisha. Mpiga picha Levon Biss, kwa maonyesho ya Oxford ya 2016, alitumia lenzi ya hadubini na maelfu ya picha kwa kila mdudu.

Wadudu wake walikuwa wakavu, wa makumbusho. Mbung'o hai hasubiri. Wanaofaa ni wanaonaswa kwenye mitego ya vitambaa vya buluu na vyeusi, wakipigwa picha mapema kabla macho hayajakauka.