Vigezo vya Kulinganisha Uwezo wa Kadi za Michoro kwa Michezo ya Kompyuta

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Januari 2025, katika maonesho ya teknolojia ya CES yaliyofanyika jijini Las Vegas, Marekani, Mtendaji Mkuu wa kampuni ya Nvidia, Jensen Huang, alitangaza kuwa kadi mpya ya RTX 5070, yenye bei ya dola 549, ingetoa uwezo sawa na wa RTX 4090, ambayo ilipoingia sokoni Oktoba 2022 iliuzwa kwa dola 1,599. Miezi miwili baadaye, wapimaji huru walipoziendesha kadi hizo mbili kwa michezo ileile na katika mazingira yaleyale, ile ya bei nafuu ilibaki nyuma kwa tofauti kubwa. Chanzo cha tofauti hiyo ni kipimo kilichotumika. Tangazo lilihesabu pia fremu zilizotengenezwa kwa msaada wa akili mnemba, ilhali wapimaji walihesabu fremu zilizochorwa na mchezo wenyewe.

Tukio hilo linaonesha kwa nini mnunuzi anapaswa kujua namna ya kusoma matokeo ya ulinganisho kabla ya kutoa fedha zake. Kadi ya michoro, ambayo wengi huiita GPU, aghalabu ndiyo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote katika kompyuta ya michezo. Soko lake limeshikwa na kampuni tatu: Nvidia, AMD, iliyoinunua kampuni ya ATI mwaka 2006, na Intel, iliyoingia katika ushindani huo mwaka 2022 kwa kadi zake za Arc.

Fremu kwa sekunde

Kipimo cha msingi ni idadi ya picha, au fremu, ambazo kadi huchora katika sekunde moja. Mchezo unaokwenda kwa fremu 30 humpa mchezaji picha mpya kila baada ya milisekunde 33.3, kwa fremu 60 muda huo hushuka hadi milisekunde 16.7, na kwa fremu 144 hufikia takriban milisekunde 6.9. Kadiri muda huo unavyopungua, ndivyo mwendo unavyokuwa laini na amri ya mchezaji inavyoonekana mapema katika skrini.

Hata hivyo, wastani pekee huweza kuficha kasoro. Chukua mfano wa sekunde moja ambamo fremu 50 zilichukua milisekunde 10 kila moja, kisha fremu moja ikachukua milisekunde 500. Jumla ni fremu 51, idadi inayoonekana kuwa nzuri katika jedwali, lakini mchezaji ameona picha imeganda kwa nusu sekunde. Mwaka 2011, mwandishi Scott Wasson wa jarida la mtandaoni la The Tech Report alichapisha uchambuzi uliohimiza kupima muda wa kila fremu badala ya kutegemea wastani wa sekunde nzima. Ndiyo sababu leo majaribio mengi huonesha takwimu mbili: wastani, na kiwango cha asilimia moja ya fremu zilizochelewa kuliko nyingine. Kadi mbili zikilingana kwa wastani, ile yenye takwimu ya pili iliyo juu zaidi ndiyo yenye mwendo thabiti.

Fremu za kubuniwa zinahitaji uangalifu wa pekee. Teknolojia hiyo, ambayo Nvidia iliianzisha mwaka 2022 katika DLSS 3, hupachika picha za makadirio kati ya zile zilizochorwa na mchezo. Toleo la mwaka 2025 huweza kuongeza hadi picha tatu kwa kila moja iliyochorwa. Hivyo, skrini inaweza kuonesha fremu 120 ilhali mchezo umechora 30 tu, na amri za mchezaji hupokelewa kwa mwendo wa zile 30. Teknolojia hii hulainisha mwendo kwa macho, lakini takwimu zake hazipaswi kuwekwa katika safu moja na za kadi isiyoitumia.

Kumbukumbu na njia ya kupitishia data

Kumbukumbu ya kadi huhifadhi picha na maumbo yanayohitajika wakati wa mchezo. Ikijaa, data hulazimika kupitia katika kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta, ambayo kwa kadi iko mbali na ni ya polepole. Hapo ndipo mikwamo huanza. Mfano ni RTX 4060 Ti ya mwaka 2023, iliyotolewa kwa gigabaiti 8 na kwa gigabaiti 16 huku kichakataji kikiwa kilekile. Katika mchezo usiojaza gigabaiti 8, kadi hizo hulingana. Katika mchezo unaozijaza, tofauti hujitokeza wazi. Mnunuzi hana budi kuuliza kwanza ni michezo gani atakayocheza na kwa skrini ya ukubwa gani.

Wenye kompyuta za zamani wanapaswa pia kuangalia njia inayounganisha kadi na ubao mama. AMD RX 6500 XT, iliyotoka Januari 2022, ina gigabaiti 4 na hutumia njia nne tu za PCIe. Ikiwekwa katika kompyuta yenye PCIe ya kizazi cha tatu, upana wa upitishaji data hupungua kwa nusu ikilinganishwa na kizazi cha nne, na mwendo wa baadhi ya michezo hushuka. Matokeo yaliyopatikana katika mashine mpya hayawezi, kwa hiyo, kuchukuliwa kuwa ahadi kwa mwenye mashine ya zamani.

Jina moja, uwezo tofauti

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kuamini kuwa jina moja humaanisha kadi moja. GTX 1060 ya mwaka 2016 iliuzwa ikiwa na gigabaiti 6 na viini 1,280, na pia ikiwa na gigabaiti 3 na viini 1,152. GT 1030 iliuzwa kwa aina mbili za kumbukumbu: ya GDDR5, inayopitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, na ya DDR4, inayopitisha gigabaiti 16.8 tu. RTX 3050 ya gigabaiti 8 ina viini 2,560, ilhali ile ya gigabaiti 6 ina viini 2,304 na njia nyembamba zaidi ya kumbukumbu.

Katika kompyuta mpakato tofauti ni kubwa zaidi. RTX 4090 ya kompyuta ya mezani ina viini 16,384 na gigabaiti 24. Ile ya kompyuta mpakato ina viini 9,728 na gigabaiti 16. Aidha, kila mtengenezaji wa kompyuta mpakato huweka kiwango chake cha umeme unaoruhusiwa kufika kwenye kadi, hivyo mashine mbili zenye kadi ya jina moja huweza kutofautiana kwa mwendo.

Umuhimu wa vipimo huru

Historia ya sekta hii inatoa funzo. Mwaka 2001, wapimaji walibadilisha jina la faili la mchezo wa Quake III na kuliita Quack, na kadi ya ATI Radeon 8500 ikapungua kasi. Ilibainika kuwa programu endeshi ya kadi hiyo ilikuwa ikilitambua jina la mchezo, mchezo ambao wakati huo ulitumika sana katika kupimia. Januari 2015, Nvidia ilikiri kuwa GTX 970, iliyotangazwa kuwa na gigabaiti 4, ilikuwa na nusu gigabaiti ya mwisho yenye kasi ndogo kuliko sehemu iliyobaki. Shauri lililofunguliwa Marekani liliishia kwa makubaliano ya kuwalipa wanunuzi dola 30 kwa kila kadi. Ni busara, basi, kusoma majaribio ya vyanzo viwili au vitatu visivyotegemeana, yaliyohusisha michezo mingi.

Bei, umeme na kadi zilizokwisha kutumika

Njia rahisi ya kupima thamani ni kugawanya bei kwa wastani wa fremu. Kwa mfano, kadi ya shilingi 600,000 inayotoa fremu 60 hugharimu shilingi 10,000 kwa fremu. Ya shilingi 900,000 inayotoa fremu 75 hugharimu shilingi 12,000. Umeme nao huingia katika hesabu. RTX 3060 hutumia hadi wati 170, na RTX 4060 wati 115. Kwa mchezaji wa saa nne kila siku, tofauti hiyo ya wati 55 huweza kufikia uniti 6.6 kwa mwezi.

Kwa kadi zilizokwisha kutumika, tahadhari ni kubwa zaidi. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizokuwa zikifanya kazi hiyo usiku na mchana ziliingizwa sokoni. Zipo pia kadi za kizazi cha zamani zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina la kadi mpya. Programu ya bure ya GPU-Z huonesha kichakataji halisi, aina ya kumbukumbu na idadi ya viini, na tangu mwaka 2018 huweza kutambua kadi nyingi za Nvidia zilizoghushiwa.

Mnunuzi aombe kadi iwashwe na ikaguliwe kwa programu hiyo mbele yake, aendeshe mchezo mzito kwa angalau nusu saa akifuatilia joto na mikwamo, na adai risiti ya EFD inayotaja jina kamili la kadi pamoja na ukubwa wa kumbukumbu yake. Kwa Tanzania Bara, bidhaa bandia hushughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na risiti yenye maelezo hayo ni ushahidi wa awali wa mlalamikaji.