Nuru Katikati ya Kivuli

Huenda, msomaji, ukadhani kwamba tuzo za sayansi ni za wazee waliokwisha kuota mvi. Nakusihi usikilize habari ya tuzo moja iliyomwendea mtu aliyekuwa bado kijana katika elimu, kisha upime mwenyewe.

Augustin Fresnel alizaliwa Ufaransa mwaka 1788. Kazi yake ilikuwa uhandisi wa barabara za serikali, wala hakuwa mwalimu wa chuo chochote. Mwaka 1815 Napoleon aliporudi kutawala, Fresnel alijiunga na waliompinga, akasimamishwa kazi. Basi akaenda kukaa kwa mama yake katika kijiji cha Mathieu, akaanza kuchunguza vivuli. Vyombo vya thamani hakuwa navyo. Lenzi yake ilikuwa tone la asali, na chombo chake cha kupimia alikiunda kwa msaada wa fundi makufuli wa kijijini. Kwa vitu hivyo duni alisadiki kwamba nuru husafiri kama mawimbi.

Wakati ule wakubwa wa elimu waliifuata kauli ya Newton, kwamba nuru ni chembe ndogo ndogo. Mwaka 1817 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza shindano juu ya jinsi nuru inavyopinda kwenye kingo za vitu. Fresnel akapeleka maandishi yake mwaka uliofuata. Waamuzi walikuwa watano: Laplace, Biot, Poisson, Gay-Lussac na Arago. Watatu wa kwanza waliamini chembe.

Poisson alikuwa bingwa wa hesabu. Aliishika hoja ya Fresnel, akaifuata mpaka mwisho wake, akakuta neno la ajabu: ikiwa nuru ni mawimbi, basi katikati kabisa ya kivuli cha kisahani cha duara hapana budi pawe na nukta inayong'aa. Nani amepata kusikia kivuli chenye nuru moyoni mwake? Ilionekana kwamba hoja ya kijana imekwisha kuanguka.

Arago hakubishana. Alitwaa kisahani cha upana wa milimita 2, akakigandisha kwenye kioo kwa nta, akakimulika, akatazama. Nukta ilikuwapo! Mwaka 1819 Akademia ikampa Fresnel tuzo.

Usidhani kwamba waamuzi wote waliongoka siku ile. Wenye kuamini chembe hawakuiacha imani yao mara moja. Lakini wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi ilipimwa, ikashinda, ikatuzwa.

Tazama sasa faida ya kutuza mapema. Fresnel aliingizwa katika Akademia mwaka 1823, na mwaka huo huo lenzi aliyoibuni kwa ajili ya mabaharia iliwashwa katika mnara wa Cordouan. Nishani ya Rumford kutoka London ilimfikia mwaka 1827, akiwa kitandani kwa kifua kikuu, siku chache kabla ya kufa. Umri wake ulikuwa miaka 39. Tuzo ya kwanza ilimkuta akiwa na nguvu za kufanya kazi. Ya pili ilimkuta akiaga dunia.

Wala habari ya nuru haikuishia hapo. Mwaka 1905 Einstein, mwenye miaka 26, karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, alionyesha kwamba nuru huenda pia kwa mafungu mafungu, yaani kwanta. Roy Glauber aliweka msingi wa optiki ya kwanta mwaka 1963, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, akiwa na miaka 80. Heri yeye aliyeishi kuiona. Ndiyo maana ziko pia nishani kama ile ya Adolph Lomb, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1940 kwa ajili ya watafiti wa nuru walio mwanzoni mwa safari.

Nawe, msomaji, siku moja huenda ukaketi mahali pa mwamuzi. Kijana akikuletea neno usilolisadiki, usimwulize cheo chake. Washa taa, utazame kivuli.