Kabla na baada ya Modicon 084

Mimi ni fundi umeme wa kiwandani. Kila nikifungua kabati la zamani la rilei, ncha zimeungua nyeusi, nyaya zimesongamana hadi mlango haufungiki, namshukuru Dick Morley. Mwaka 1968 General Motors ya Marekani ilikuwa imechoka: modeli ya gari ikibadilika, nyaya za rilei zilizoongoza mashine zilifumuliwa na kufungwa upya. Morley na wenzake wa Bedford Associates, Massachusetts, wakaunda Modicon 084, kidhibiti cha mashine kinachofuata programu badala ya nyaya za rilei; ulikuwa mradi wao wa 84. Kuanzia hapo kilichobadilishwa ni programu. Busara yao kubwa, kwangu, ni kuichora programu hiyo kwa umbo la ngazi, kama michoro ya rilei ambayo mafundi walikwisha kuizoea. Vijana mnaosomea fani hii, anzeni na mchoro wa rilei.