Tunguu la amarilisi halizeeki upesi

Marehemu nyanya aliniachia chungu cha amarilisi, lile ua kubwa jekundu mfano wa tarumbeta. Miaka miwili halikuchanua. Nikadhani limezeeka, nikataka kulitupa. Nilikosea.

Asili ya ua hili ni Amerika Kusini. Tunguu lake, lililo kama kitunguu maji, laweza kuishi miongo kadhaa. Maganda ya nje hukauka huku mapya yakiota kutoka ndani. Tena huzaa matunguu madogo ubavuni, na hata mama akifa, wanawe hutoa ua lile lile.

Aghalabu kinachoyaua ni njaa na maji, si umri. Likichanua hutumia akiba yake, na majani ndiyo huirudisha. Mimi nilikuwa nikiyakata, ndipo likasinyaa. Ua likinyauka, kata bua lake tu. Majani yaache yapate jua. Panda theluthi moja ya tunguu ikiwa juu ya udongo, katika chungu chenye tundu. Ulibonyeze: likiwa gumu, lingali hai; likiwa tepetepe na lanuka, limeoza.

Lina sumu, basi liweke mbali na watoto na mbuzi.